Kibanzi Begani, Dai Mkononi

Kuna nahau ya Kiingereza ambayo ikishatamkwa juu ya mtu, mara nyingi hoja zake hazisikilizwi tena. Husemwa kuwa fulani "has a chip on his shoulder", na ukiichukua neno kwa neno, ana kibanzi cha mti begani. Maana yake ni mtu aliyejaa uchungu wa kuonewa au kudharauliwa, akawa mwepesi wa kukasirika. Kila neno hulisikia kama tusi, na kila mzaha huuona umemlenga yeye. Si lazima awe amegombana na anayemsema. Huenda hata hawajuani. Ugomvi wake, kwa mujibu wa nahau hii, ni na watu wote, na chanzo chake ni jambo la zamani ambalo wasikilizaji hawaoni haja ya kuliuliza.

Hapo ndipo inapoachana na kinyongo. Mwenye kinyongo ana mtu wake. Ukimpa nafasi atakutajia jina, siku na kilichotendeka, na pengine wazee wakikaa wakamaliza, fundo linafunguka na watu wanashikana mikono. Mwenye kibanzi hatajiwi mdeni. Hutajiwa mada tu: elimu aliyoikosa, ukoo aliozaliwa, lafudhi yake, rangi yake, kimo chake. Na husemwa akiwa hayupo. Ni nadra Mwingereza kumwambia mtu usoni kwamba ana kibanzi begani, isipokuwa anataka ugomvi. Humwambia mwenzake pembeni baada ya usaili wa kazi, au baada ya kikao ambacho mtu huyo alilalamika, na faili linafungwa.

Nimeichagua nahau hii kwa sababu Waswahili wengi wanaofanya kazi na kusoma kwa Kiingereza huikuta ikitumiwa juu yao au juu ya wenzao, na tafsiri wanayopewa, kwamba ni "mtu mwenye hasira", haitoshi hata kidogo. Ndani yake mna hukumu juu ya nani ana haki ya kukasirika.

Asili yake ni Marekani, na bahati nzuri imeandikwa. Tarehe 20 Mei 1830 gazeti la Long Island Telegraph la Hempstead, katika jimbo la New York, lilieleza desturi ya wavulana wakorofi waliokusudia kupigana. Mmoja huwekwa kibanzi begani, na mwenzake hutakiwa akiangushe kama anathubutu. Akikiangusha, vita vimeanza. Akikiacha, ameonekana mwoga mbele ya wote. Wengi waliosoma shule za msingi Tanzania watakumbuka vilima viwili vya mchanga, kila kimoja kikipewa jina la mama wa mmoja wa wagomvi, na wachochezi wakisubiri nani atapiga teke kilima cha mwenzake. Kazi ni ileile: kutafuta kitu kidogo kisicho na thamani yoyote, kukitwika heshima ya mtu, kisha kumchokoza mwenzako akiguse.

Mark Twain naye aliitia desturi hiyo katika hadithi ya watoto wa shule wa Missouri aliyoiandika mwaka 1898. Lakini kufikia 1855 kibanzi kilikuwa kimekwisha kutoka uwanja wa shule na kuingia magazetini. Huko Oregon wahariri walikuwa wakishambuliana kwa matusi ya wazi, na gazeti la Weekly Oregonian lilimdhihaki mhariri mmoja, Leland, kwamba anajitembeza na kibanzi begani akimtaka Bush, mhariri wa gazeti jingine, akiangushe. Hapakuwa na kipande cha mti. Usemi ulikuwa umezaliwa. Zaidi ya karne moja baadaye, katika miaka ya 1970, Wamarekani bado walikuwa wakiutambua mchezo wenyewe: mwigizaji Robert Conrad alionekana kwenye tangazo la televisheni akiwa na betri ya Eveready begani, akimtaka mtazamaji aiangushe akithubutu.

Zipo simulizi nyingine za asili, na moja inavutia kiasi kwamba watu huirudia bila kuihakiki. Katika karakana za meli za Jeshi la Majini la Uingereza, mafundi wa karne ya 18 walikuwa na haki ya kuchukua nyumbani mabaki ya mbao. Wakuu walilalamika kwamba mbao nzima zilikuwa zikikatwakatwa ili ziwe mabaki, wakaamuru mizigo ibebwe kwapani, isibebwe begani. Mwaka 1756 mafundi wa Chatham walitoka getini mbao zikiwa mabegani, wakiikaidi amri. Haki hiyo ilifutwa mwaka 1801 na badala yake wakalipwa fedha. Ni historia ya kweli na inasisimua. Ila kati ya mafundi wa Chatham na nahau tunayoizungumzia hakuna uzi unaoonekana: maandishi ya kwanza yenye maana hii yanatoka Marekani, kwa wavulana, na yanaeleza mchezo wao waziwazi. Mimi nawafuata wavulana.

Sasa angalia kilichobadilika. Yule mvulana wa Hempstead alikuwa mchokozi. Kibanzi alikitaka mwenyewe, akakiweka, na wakati wowote angeweza kukitoa akaenda zake kula. Tena alikuwa akimchokoza aliye sawa naye. Katika karne ya 20 maana ilihama kutoka kwa mchokozi ikaenda kwa aliyejeruhiwa. Mwaka 1930 mwandishi Mwingereza Somerset Maugham, katika kitabu cha safari yake ya kutoka Burma hadi Vietnam, aliutumia usemi huu kwa mtu aliyeona kwamba watu wote wamekula njama ya kumdharau na kumdhuru. Huyo hamchokozi mtu. Anajihisi ameumizwa. Lakini nahau, ilipohama, ilibeba lawama yake ya zamani: kwamba kibanzi umekiweka mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliyeumizwa na wengine anasemwa kwa maneno ya mtu aliyejitakia. Ubaya wote wa nahau hii umelala hapo.

Nchini Uingereza, ambako lafudhi ya mtu humtangulia mlangoni, ilipata kazi nyingi. Ilisemwa juu ya mtoto wa mchimba makaa aliyefika chuo kikuu na kutaja ada wanazolipa wazazi wa wenzake. Ilisemwa juu ya Waskoti na Waayalandi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia juu ya wahamiaji kutoka Karibi, Asia na Afrika. Waingereza wana hata mzaha: fulani ana vibanzi mabega yote mawili, ndiyo maana hayumbi. Mzaha unachekesha kama wewe si fulani.

Hata hivyo, singependa nahau hii itupwe. Kuna watu ambao hakuna maneno mengine yanayowaeleza vizuri hivi, na mfano bora ninaoujua ni Rais wa 37 wa Marekani.

Richard Nixon alikuwa mtoto wa mwenye duka la vyakula na kituo cha petroli huko Whittier, California. Alipofaulu vizuri sekondari alipata msaada wa ada wa kwenda Harvard, lakini nyumbani kulikuwa na ndugu mgonjwa wa kifua kikuu na duka lililohitaji mikono, akabaki kusoma chuo cha mjini kwao. Hapo chuoni kulikuwa na klabu ya vijana wa familia zenye uwezo, Franklins. Mwaka 1930 Nixon alishiriki kuunda klabu shindani, Orthogonians, ya vijana waliofanya kazi huku wakisoma. Hadi hapo mtu humwonea fahari. Amefungiwa mlango, amejenga nyumba yake.

Lakini mlango ule hakuwahi kuacha kuutazama. Mwaka 1960 alishindwa urais na John F. Kennedy, mtoto wa tajiri aliyesoma Harvard, kwa tofauti isiyofika kura 120,000 kati ya zaidi ya milioni 68. Miaka miwili baadaye akashindwa ugavana wa California, akawaambia waandishi wa habari kwamba hawatampata tena wa kumpiga mateke. Akarudi, akashinda urais mwaka 1968. Akiwa Ikulu, mwaka 1971, wasaidizi wake waliandaa orodha ya maadui: wanasiasa, waandishi, waigizaji, wafanyabiashara. Novemba 1972 alishinda majimbo 49 kati ya 50. Ni wanasiasa wachache sana katika historia ya nchi hiyo waliowahi kukubaliwa na watu kiasi hicho. Wakati huohuo watu wa kampeni yake walikuwa wamekwisha kukamatwa, usiku wa tarehe 17 Juni, ndani ya ofisi za chama pinzani katika jengo la Watergate, na yeye alishughulika kuficha. Tarehe 9 Agosti 1974 aliondoka madarakani. Asubuhi hiyo aliwaaga wafanyakazi wa Ikulu na kuwaambia kwamba wanaokuchukia hawakushindi mpaka nawe uwachukie, na hapo unakuwa umejiangamiza. Alikuwa amechelewa kulisema hilo kwa miaka mingi.

Katika kisa cha Nixon nahau inafanya kazi yake halali. Dharau aliyoipata ujanani ilikuwa ya kweli. Lakini wale Franklins hawakuwa na cha kumlipa. Hapakuwa na deni ambalo lingeweza kulipwa likaisha. Kura za majimbo 49 hazikumtosha. Mtu wa namna hiyo hata ukimpa kila alichonyimwa, kesho atakuta kingine. Huyo ana kibanzi.

Geuza upande wa pili. Mwaka 1851, miaka minne tu kabla ya wahariri wa Oregon kuanza kutupiana vibanzi, daktari Samuel Cartwright huko kusini mwa Marekani alitangaza ugonjwa aliouita drapetomania. Kwa maelezo yake, huo ndio ugonjwa unaowafanya watumwa kutoroka. Mtu amefungwa, amechapwa, watoto wake wameuzwa, anakimbia; na daktari anatafuta kasoro katika akili ya anayekimbia. Cartwright hakuitumia nahau yetu, ila mantiki ni hiyohiyo: uchungu unaondolewa kwenye kitendo unahamishiwa kwenye tabia ya aliyetendewa.

Kenya tuna mfano wetu, nao ulipigwa chapa na serikali. Katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, watawala wa Kiingereza walitaka kuelezwa kwa nini Wakikuyu wameshika silaha. Sababu hazikuwa zimefichika. Nyanda za juu zenye rutuba zilitengwa kwa walowezi Wazungu. Wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, kitambulisho kilichowekwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Tume ya ardhi ilikuwa imezunguka tangu mwaka 1932 ikisikiliza malalamiko ya watu juu ya mashamba yao, na malalamiko hayo yameandikwa. Serikali haikurudi kwenye maandishi hayo. Ilimwita Dakta J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na mwaka 1954 ikachapisha ripoti yake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Ripoti ilieleza uasi kama mtikisiko wa akili ya watu walioachana na mila zao na ambao bado hawajaufikia ustaarabu mwingine, na ikaunga mkono kuwakusanya watu katika vijiji vinavyolindwa. Ardhi ikawa jambo la pembeni. Watu wenye dai wakafanywa watu wenye kibanzi.

Miaka hamsini na zaidi ikapita. Mwaka 2009 wazee wachache wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London kwa mateso waliyopata katika kambi za kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 2011 ikabainika kwamba mafaili ya utawala wa kikoloni yaliyohamishwa kutoka Kenya yalikuwa yamewekwa Hanslope Park, Uingereza, muda wote huo. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza masikitiko ya serikali yake, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 pamoja na mchango wa kujenga mnara wa kumbukumbu. Mnara ulizinduliwa Nairobi, katika bustani ya Uhuru, Septemba 2015. Unaweza kusema fedha zilikuwa kidogo, na mimi nasema zilikuwa kidogo. Lakini angalia jinsi kisa kilivyokwenda. Wazee walikuja na majina ya kambi, miaka, na makovu. Walimtaja mdaiwa. Walisema wanachotaka. Kitu hicho kilipokubaliwa, hata kwa nusu, walikipokea.

Basi hicho ndicho kipimo ninachokitumia. Dai lina mdaiwa, na linaweza kulipwa. Kibanzi hakina mdaiwa wala malipo. Ukiwa na shaka kama mtu aliye mbele yako ana dai au ana kibanzi, usimtazame usoni kuona amekunja ndita kiasi gani, kwa maana mwenye dai la haki anaweza kuwa mkali kuliko mwenye kibanzi. Mwulize: ulitendewa nini, na nani, na kifanyike nini ili liishe? Mwenye dai atakujibu. Pengine atakujibu kwa ukali, kwa kuwa ameulizwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini.

Kipimo hiki si changu peke yangu. Askofu Joseph Butler wa Uingereza, katika mahubiri aliyoyachapisha mwaka 1726, alifundisha kwamba hasira dhidi ya dhuluma amepewa binadamu kwa makusudi mema, na kwamba pasipo hiyo wadhalimu wasingekuwa na wa kuwazuia; kosa ni kuipitisha mipaka. Jean Améry alikwenda mbali zaidi. Alizaliwa Vienna mwaka 1912, akakamatwa Ubelgiji na kuteswa katika ngome ya Breendonk, akapelekwa Auschwitz, akasalimika. Mwaka 1966, wakati Ujerumani imejenga upya viwanda vyake na watu wengi wakitaka yaliyopita yawe yamepita, alichapisha insha akiutetea waziwazi uchungu wake. Alijua wanavyomwona: mgonjwa, mtu asiyeweza kuendelea na maisha. Jibu lake lilikuwa kwamba muda hauponyi jinai. Kinachotakiwa ni mtenda naye atamani kwamba asingetenda. Huyo hakuwa na kibanzi. Alikuwa na dai zito kuliko yote, na anwani ya mdaiwa aliijua.

Tukiwa Afrika Mashariki tunajua vizuri maneno yanayofanya kazi ya kibanzi bila kukitaja. "Yameshapita hayo." "Mbona wewe kila siku ni hilo hilo?" "Mwenzetu huyu ana moyo mdogo." Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake huambiwa ana chuki. Mfanyakazi anayeuliza kwa nini hakupandishwa cheo huambiwa ana wivu. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na bado tunamlaumu mwenye kitanda kwa kukosa subira.

Siku hizi nahau imepata sura ya tatu, ya kusifiwa, hasa katika michezo ya Marekani. Kocha husema anataka wachezaji wenye kibanzi begani, akimaanisha wenye njaa ya kuonyesha kwamba walidharauliwa bure. Tom Brady, mchezaji wa soka la Kimarekani, alichaguliwa wa 199 katika uteuzi wa wachezaji wa mwaka 2000, akaja kutwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa mchezo huo, mara saba. Draymond Green, aliyechaguliwa wa 35 katika mpira wa kikapu mwaka 2012, anajulikana kwa kuyakariri majina ya wote waliochaguliwa kabla yake. Hapa kibanzi kimekuwa petroli. Sina ugomvi na matumizi haya, ila yasitufumbe macho. Mwaka 2009 Michael Jordan, akiwa na mataji sita, alipopewa heshima ya kuingia katika jumba la magwiji wa mpira wa kikapu, alitumia sehemu kubwa ya hotuba yake kuhesabu waliowahi kumdharau, akamtaja hata mwanafunzi mwenzake aliyechaguliwa timu ya shule badala yake walipokuwa vijana. Mataji sita hayakutosha, kama majimbo 49 hayakumtosha Nixon.

Kwa anayetaka kuitumia nahau hii kwa Kiingereza, basi, haya ndiyo ya kushika. Ni lawama, isipokuwa kwenye michezo. Haimfai mtu aliyekukasirikia kwa kosa ulilomtendea jana; huyo ana kinyongo, na Kiingereza kina neno la hilo. Haimfai anayelalamika kwa sababu ya faida yake iliyojificha, wala anayekidharau alichokikosa, maana hao nao wana nahau zao. Usiiandike katika barua ya kumpendekeza mtu wala ya tathmini ya kazi, kwa sababu atakayeisoma hataona malalamiko yalikuwa nini. Ataona tu kwamba mlalamikaji ndiye tatizo.

Na wewe ukisikia inasemwa juu yako, au juu ya mtu unayemfahamu, usikubali mazungumzo yaishie hapo. Uliza alitendewa nini. Kama hakuna aliyewahi kuuliza, nahau hiyo haijapata haki ya kutumika bado.